UZI: Tufaha la kijani, jekundu na la manjano. Lipi lina faida gani hasa?

Kibanda_Marikiti

Assalaam aleikum na habari zenu nyote.

Nauza matunda hapa Marikiti, Mombasa, na hakuna siku inayopita bila mtu kusimama kibandani, akashika tufaha la kijani na kuuliza, "Hili ndilo la wagonjwa wa sukari, sivyo?" Nikimwambia hata lile la mistari mekundu halina neno, anadhani natafuta kumaliza mzigo. Basi tuyazungumze hapa, na wataalamu waliomo humu wasahihishe. Nasema matufaha haya yanayoshuka na meli, si matofaa yetu ya Pwani.

Kwanza tujue tunachokula. La kijani kibichi, gumu, la kukunja uso, ni Granny Smith. Jina ni la bibi kweli: Maria Ann Smith, mkulima wa karibu na Sydney, Australia. Mti wa kwanza ulimchipukia shambani kwake, na mwaka unaotajwa ni 1868. Lile la mistari ya wekundu juu ya manjano, lisilo kubwa sana, ni Gala au Royal Gala, asili yake New Zealand. Hilo ndilo limejaa mikokotenini kuanzia Mwembe Tayari mpaka Kongowea, na watoto hawataki jingine. Fuji ni la Wajapani. Walichanganya aina mbili za Kimarekani, likatolewa sokoni mwaka 1962. Ukilishika ni zito mkononi, ukiling'ata linatiririka maji, na kwa utamu hayo mengine hayalifikii.

Jekundu la kung'aa lenye vinundu vitano chini ni Red Delicious. Zuri la kupangwa mbele ya kibanda, ila likikaa sana ndani huwa unga mtupu, na mteja akirudi kulalamika mimi sibishani naye. La manjano, Golden Delicious, lina jina la kufanana na hilo jekundu lakini si ndugu yake. Pink Lady linapita mara moja moja, bei yake imekaa ki-Nyali, mtaa wa wenye pesa.

Sasa hiyo sukari. Gramu 100 za Granny Smith zina sukari kama gramu 9.6. Gala 10.4. Fuji 11.7. Yaani baina ya lile "la wagonjwa" na lile tamu kupita yote kuna gramu mbili, nusu kijiko cha chai. Ukali wa la kijani unatoka kwa asidi ya maliki iliyomo ndani. Sukari ipo, imefunikwa tu, na ulimi haujui hesabu.

Kama kuna jambo la kushika ni ganda. Gramu 100 za tufaha na ganda lake zina nyuzinyuzi kama gramu 2.4. Limenye, zinabaki 1.3. Watu wanagombana juu ya rangi, kisha wanachukua kisu na kutupa nusu ya faida kwenye pipa.

Uwanja wenu.

---

BintiKibokoni

Ahsante ami kwa uzi huu, umenigusa. Mamangu ana sukari. Tangu jirani amwambie la kijani halina sukari, mama anakaa barazani baada ya alasiri anakula matatu kwa mpigo, na chumvi na pilipili juu. Nikimkanya ananiambia, "Hili ni dawa, niache." Nimwambieje, jamani?

---

Nesi_Changamwe

Dada, tufanye hesabu ya mama. Tufaha moja la wastani ni gramu 180 hivi. Matatu ni gramu 540. Kwa hiyo sukari ni kama gramu 52, vijiko kumi na vitatu vya chai. Ukimwekea vijiko kumi na vitatu kwenye kikombe cha chai ya rangi atakufukuza nyumbani.

Sisemi tufaha ni sawa na sukari ya dukani. Tunda zima lina nyuzinyuzi, hasa pektini, na lazima ulitafune, kwa hiyo sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Matufaha yako upande wa chini kwenye vipimo vya kasi ya kupandisha sukari, aina zote, si la kijani peke yake. Kwa mgonjwa wetu wa kawaida moja kwa mara moja linatosha, na ganda lake. Akipenda Gala, ale Gala. Nimeona wazee wengi wakijilazimisha lile kali hawalipendi, halafu wanaliongezea asali juu ili lipite. Hapo umefanya nini?

Kuhusu pilipili sina neno. Chumvi naomba apunguze, maana wengi wenye sukari wana na presha.

Na kama mna kile kipimo cha kidole nyumbani, mpime kabla hajala na umpime tena saa mbili baadaye. Akiiona namba mwenyewe hutahitaji kumkanya.

---

Ami_wa_Kisauni

Mimi na swali la kijinga. Mbona mnahangaika na tunda la kuja na meli na mapera yapo?

---

MzeeWaBandarini

Yakhe, shuleni tulifunzwa tufaha moja kwa siku linamweka daktari mbali. Sasa leo mnaniambia halina lolote?

---

Nesi_Changamwe

Mzee wangu, shikamoo. Halikosi faida, ila huo msemo ulipimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima zaidi ya elfu nane, wakawalinganisha wanaokula tufaha kila siku na wasiokula. Walipoondoa tofauti za elimu, uvutaji sigara na mengineyo, wala tufaha walikuwa wanakwenda kwa daktari sawasawa na wenzao. Walichoonekana nacho ni kutumia dawa za kuandikiwa kidogo pungufu.

Faida zilizo na uzito ni hizi za nyuzinyuzi: choo kinakuwa sawa, tumbo linashiba mapema, na pektini inasaidia kushusha ile lehemu mbaya kwa kiasi. Kiasi, mzee. Dawa zako za presha usiziache.

---

MzeeWaBandarini

Marahaba. Dawa nameza, usijali.

---

MamaPacha

Habarini. Mimi shida yangu ni ile nta. Nikikwaruza tufaha kwa kucha inatoka nyeupe kama mshumaa. Nimeona video ya mtu anamwagia maji ya moto, ganda linageuka jeupe, anasema ni plastiki ya Wachina na inaleta saratani. Tangu hapo nawamenyea watoto yote. Halafu leo muuza matunda anasema ganda ndilo lenye faida!

---

Wakala_Kilindini

Mama, hiyo video imezunguka Mombasa nzima. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na kontena za friji za matunda napishana nazo sana, kwa hiyo nikueleze.

Tufaha lina nta yake tangu mtini, inalizuia lisikauke. Likivunwa linaoshwa kiwandani, ile nta ya asili inapungua, ndipo wanalipaka nyingine nyembamba ili lisinyauke njiani. Zinazotumika sana ni nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi-pori wa Brazili, na shelaki, utomvu unaotolewa na kijidudu kinachofugwa India na Thailand. Zote zinaruhusiwa kwenye chakula na hata peremende zinapakwa. Nta hizi ukizimwagia maji ya moto zinaweza kugeuka nyeupe. Plastiki haimo.

Matufaha mengi yanayoshuka hapa ni ya Afrika Kusini, huko Western Cape, sehemu kama Elgin na Ceres. Wanavuna kuanzia Februari mpaka Mei hivi. Sasa jiulize, la Desemba unalokula Mombasa limetoka wapi? Limekaa ghalani. Wanayaweka kwenye vyumba vya baridi kali, wanapunguza oksijeni mpaka asilimia chache tu, tunda linapumua kidogo sana na haliivi. Linaweza kukaa hivyo miezi hata kumi. Si sumu. Ila vitamini C inapungua na ladha inalegea, kwa hiyo ukilikuta la unga usimlaumu muuzaji peke yake.

---

BintiKibokoni

Subiri kidogo, kijidudu? Hiyo shelaki ni halali?

---

Wakala_Kilindini

Hapo dadangu nakurudisha kwa shehe wako wa mtaa, mimi ni mtu wa makaratasi. Anayeona tashwishi amenye tu, au anunue yasiyopakwa akiyapata.

---

Nesi_Changamwe

MamaPacha, la kuogopa zaidi ya nta ni mabaki ya dawa za shambani, na hayo mengi yanatoka kwa kuosha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu kwenye matufaha ya Gala. Maji yenye magadi ya kupikia (baking soda) yaliondoa dawa zilizoko juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu, hata kuliko maji ya klorini ya kiwandani. Waliyaloweka dakika 12 mpaka 15. Jikoni kwako kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya maji kinafika hapo. Kisha suuza. Dawa iliyokwisha kupenya ndani ya ganda haitoki kwa kuosha, hilo ni kweli, lakini kwangu mimi kumnyima mtoto nyuzinyuzi miaka yote kwa sababu hiyo ni hasara.

Na pacha wako wakiwa chini ya miaka minne, usiwape vipande vigumu. Kwaruza kwa kikwaruzio au chemsha kidogo. Kipande cha tufaha bichi kinakaba koo vibaya.

---

MamaPacha

Wana miaka mitatu. Nashukuru sana, hilo la kukaba sikulifikiria. Magadi ninayo ya mandazi.

---

Duka_la_Dawa

Nimepita. Nachangia mambo ambayo watu hawayaulizi kaunta mpaka yawafike.

Wenye matatizo ya figo. Hawa huambiwa wapunguze potasiamu, wakadhani matunda yote ni haramu kwao. Tufaha lina miligramu 107 kwa gramu 100, ndizi ina 358. Ndiyo maana mgonjwa wa figo huruhusiwa tufaha na kukatazwa ndizi na maji ya dafu. Bado amuulize daktari wake kiasi, kila figo na hali yake.

Kuna dawa ya mzio na mafua ya vumbi inaitwa fexofenadine. Ukiimeza kwa juisi ya tufaha, au ya chungwa, dawa inapungua kuingia mwilini. Nameza lakini haifanyi kazi, mteja analalamika, kumbe anasindikizia na juisi ya pakiti. Imeze kwa maji.

Na meno. Asidi ya tufaha, hasa hilo la kijani, inalainisha gamba la jino kwa muda. Usikimbilie mswaki ukimaliza kula. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa, kisha piga mswaki.

---

Kijana_Mikindani

Na tumbo je? Mimi nikila tufaha asubuhi kabla ya kitu, mpaka adhuhuri tumbo linaunguruma na gesi haina adabu. Nimekaa kwenye matatu ya Changamwe naomba Mungu tu.

---

Nesi_Changamwe

😂 Pole kaka. Tufaha lina fruktosi nyingi, yaani sukari ya matunda, na pia sobitoli, jamaa yake, na kuna watu matumbo yao hayazifyonzi vizuri. Zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua, hapo ndipo gesi. Jaribu nusu badala ya zima, au lililopikwa, au uache kabisa. Papai na ndizi mbivu ya kiasi watu kama wewe huwa wanazivumilia zaidi. Hakuna aliyelazimishwa kula tufaha.

---

Ami_wa_Kisauni

Narudi na mapera yangu, maana naona mnanipita.

Gramu 100 za pera: vitamini C miligramu 228. Gramu 100 za tufaha: hazifiki 5. Nyuzinyuzi za pera gramu 5.4, za tufaha 2.4. Someni tena hizo namba. Pera linaoza chini ya mti Mtwapa na Kikambala, watoto wanalirushiana, kisha mzazi anapanda matatu kwenda mjini kununua tufaha lililovunwa miezi sita nyuma, ati mtoto apate vitamini.

Hata embe linalishinda kwa vitamini C. Hata papai. Mgonjwa akilazwa, tunambebea matufaha na zabibu kwenye mfuko wa kaki ili ionekane tumetoa pesa. Ukimpelekea mapera, wifi zako watakusema mpaka arubaini.

---

Kibanda_Marikiti

Ami, mapera nauza pia, karibu 😀

Lakini tuwe wa haki. Pera ni la msimu na halikai, siku mbili tatu limeshalegea. Tufaha nikiliweka kivulini linanivumilia. Na kuna vitu ambavyo tufaha linavyo vya kwake, ile kwasetini ya kwenye ganda, kiini kinachokinga chembe za mwili, na kwenye mekundu kuna rangi ya antosiyanini. Hapo Red Delicious ninayoisema vibaya ndiyo inayoongoza, ganda lake limejaa hizo kinga. Kwa hiyo anayetaka la kumenya na la kuliwa na ganda wasinunue sawa.

---

Ami_wa_Kisauni

Sawa, lakini zambarau ina antosiyanini mpaka ulimi unabadilika rangi, na ni bure.

---

Kijana_Mikindani

Ami ameshinda huu uzi.

---

Shosti_wa_Bamburi

Mimi nataka kujua zile stika. Kuna mtu aliniambia namba ikianza na 8 ni la maabara, limebadilishwa vinasaba, usile.

---

Kibanda_Marikiti

Stika ndiyo rafiki yako, kwa sababu wengine sokoni watakuambia kila jekundu ni Fuji. Namba ya tarakimu nne inataja aina na ukubwa. Granny Smith kubwa ni 4017. Fuji kubwa ni 4131. Royal Gala kubwa 4174. Red Delicious kubwa 4016, Golden Delicious kubwa 4020. Yakiwa madogo namba zinabadilika, kwa hiyo usishtuke ukiona nyingine. Ikiwa tarakimu tano na inaanza na 9, ni la kilimo hai, lisilopigwa dawa za kemikali za viwandani. Hiyo 8 iliwahi kutengwa kwa ajili ya vinasaba lakini madukani haikutumika. Mimi sijaiona hata kwenye boksi moja.

Ila stika zinabanduliwa na kubandikwa. Likiwa la kijani kabisa na stika yake inasema 4131, muuzaji wako ni msanii.

---

Shosti_wa_Bamburi

Haya basi. Na mbegu zake nikizipanda nyuma ya nyumba zitaota? Nina nafasi na maji ya kisima.

---

Wakala_Kilindini

Kuota zitaota. Kuzaa ndiyo hadithi nyingine. Mtufaha unataka baridi upumzike ndipo uchanue, na Bamburi baridi utaitoa wapi? Hata usiku wa Julai tunalala na feni. Huko bara, Nyeri, Laikipia, Nyandarua, wanapanda na wanavuna. Kuna aina zisizohitaji baridi nyingi kama Anna, iliyozalishwa Israeli. Halafu mbegu ya tufaha haizai mfano wa mama yake: panda mbegu ya Fuji, utapata tunda jingine kabisa, mara nyingi chachu. Ndiyo maana wanapandikiza vikonyo. Hiyo nafasi yako panda mpera, Ami afurahi.

---

Shosti_wa_Bamburi

Na mbegu zenyewe ni sumu kweli? Mwanangu anakula tufaha zima na kokwa lake, anabakisha kikonyo.

---

Duka_la_Dawa

Mbegu zina amigdalini, na zikitafunwa, tumboni inatoa sumu ya sianidi. Lakini chache zilizomezwa nzima zinapita kama zilivyo, ganda lake ni gumu. Kumi zimeponyoka, usimkimbize hospitali. Kilicho hatari ni kuzikusanya nyingi, kuzisaga na kuzinywa, na nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaotia tufaha zima kwenye blenda na kila kitu chake. Toa kokwa kwanza.

---

BintiKibokoni

Kwa kuwa blenda imetajwa: kwa futari huwa tunatengeneza juisi ya tufaha na karoti, tunachuja. Mama aruhusiwe?

---

Nesi_Changamwe

Msichuje, na iwe glasi ndogo. Mkichuja, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na glasi moja inakula matufaha matatu bila mtu kutafuna hata mara moja. Afadhali mumkatie vipande kwenye sahani pamoja na tende moja. Vipande vikianza kuwa kahawia kabla ya adhana, ni hewa tu inakutana na vimeng'enya vya tunda, kamulia ndimu.

---

MzeeWaBandarini

Swali la mwisho kwa muuza matunda. Mke wangu anaweka matufaha na ndizi bakuli moja juu ya meza, ndizi zinaiva siku moja zote. Kosa la nani?

---

Kibanda_Marikiti

La tufaha, mzee. Linatoa gesi ya ethilini inayoivisha wenzake. Tenganisheni, matufaha yatie kwenye friji ndani ya mfuko. Sisi wauzaji tukitaka ndizi mbichi ziive haraka kabla ya Ijumaa tunafanya hivyo hivyo makusudi, tunatia tufaha moja katikati ya gunia na kulifunga.

---

MzeeWaBandarini

Kumbe. Basi ngoja nimwambie, tangu wiki jana ananituhumu mimi ndiye ninayezibonyeza.